Karatasi ya Mirathi Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu. Herufi zangu hulala upande mmoja, na pale nilipokosa hakika ya neno utaona nimelifuta na kuandika jingine juu yake. Nilisoma hapa kambini mpaka darasa la nane, basi. Ukurasa mmoja hunichukua jioni mbili. Mtu aliyesoma angeyamaliza haya yote kabla chai yake haijapoa. Lakini kuyasema kwa mdomo siwezi. Nikisimama mbele ya watu wazima maneno hunikauka, na huko kukauka ndiko kulikotufikisha hapa tulipo.

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Tuliishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, lakini chumba chake cha kushonea alikipanga Area 36, mjini Lilongwe, kwa sababu wateja wa sare za shule na wa mavazi ya kwaya walikuwa huko. Alikuwa na mashine tatu. Mbili zilikuwa za kukanyaga kwa mguu, na ya tatu ilikuwa ya umeme, ile ya ovaloki inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Nilipomaliza darasa la nane na nafasi ya sekondari ikakosekana, alinikalisha kwenye mashine ya karibu na mlango. Nilikaa pale miaka minne. Tuliondoka kambini kila Jumatatu alfajiri na kurudi Alhamisi. Hakuwa mtu wa kusifu. Aliligeuza shati nililomaliza ndani nje, akauvuta mshono kwa vidole viwili, na usipoachia alilitupa juu ya rundo la nguo zilizo tayari. Nilijifunza kufurahi kwa kulitazama rundo lile.

Mama hajui kushona. Yeye huuza mandazi na dagaa sokoni kambini, na wadogo zangu watatu bado ni wa shule. Kwa hiyo baba alipofariki kwa ugonjwa wa ini, zile mashine ndizo zilizokuwa chakula chetu cha kesho, na nyumbani mtu wa kuzitumia nilikuwa mimi peke yangu.

Tulimzika kambini. Watu wa kanisa walikaa nasi siku saba chini ya maturubai, wakipika na kuimba. Wiki mbili baada ya hapo mimi na mama tulikwenda Area 36 kuchukua mashine. Tulikuta mama mwenye nyumba ameweka kufuli lake juu ya kufuli letu.

“Amayi, mashine ni zetu,” nilisema, nikitazama miguu yake.

“Najua ni zenu,” alijibu kwa Chichewa. “Si nimekuona hapo miaka yote unakanyaga? Lakini juzi alikuja mwanamume, akasema yeye ndiye ndugu wa marehemu, nimfungulie. Nikamuuliza karatasi iko wapi. Kesho atakuja mwingine aseme yeye ndiye mjomba. Nikiwafungulia ninyi, nitamwambia nini yeye?”

“Karatasi gani?”

“Ya mahakama, yenye muhuri. Inayosema nani amewekwa kuwa msimamizi wa mali ya marehemu. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja na lori kabla sijamaliza kulia. Walibeba mpaka sufuria, nsima ikiwa ndani. Siku hizi sheria haitaki hivyo. Anayegusa mali ya maiti bila karatasi ni mwizi, hata awe nani.”

Nilimtafsiria mama.

“Muulize,” mama alisema, “na kama we unaingia tu unashonea mule ndani, bila kutosha kitu inje?”

Niliuliza. Yule mama alitikisa kichwa. “Mwana wanga, leteni karatasi, nitawafungulia siku hiyohiyo, na chai nitawapikia.”

Njiani kuelekea kituo cha minibasi mama alimsema mpaka pumzi ikamwishia. Alisema Wamalawi wanatuonea kwa kuwa sisi ni watu wa kuja. Mimi pia nilimchukia. Nilitaka kumuuliza mama juu ya huyo mwanamume wa juzi, kwa maana mwenye nyumba alikuwa ameniambia kwamba meno yake ya mbele yameachana, na mwenye meno hayo ni mmoja tu, mdogo wake baba. Mwishowe nilimwambia.

“Alienda kutuchungia vitu,” mama alisema. “Njo kazi yake hiyo sasa.”

Kwetu, watu wa Bukavu, Kongo, kilio kikimalizika familia hukaa na kumsimamisha mtu mmoja mahali pa marehemu. Huvikwa koti la marehemu mbele ya watu wote. Hapewi mali. Anachopewa ni mzigo: awalipie watoto shule, aende kumposea mke mtoto wa kiume akikua, apokee mahari ya binti na kuikumbuka familia yake. Ndivyo nilivyofundishwa, na sijawahi kusikia mtu mzima akiwaza vinginevyo. Basi tulikaa nyumbani kwetu Jumapili baada ya ibada: mama, mimi, shangazi ambaye ni dada mkubwa wa baba, mzee mmoja wa kanisa, na baba mdogo.

Shangazi ndiye aliyelileta jambo la majina. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Sisi ni watoto wanne wa baba mmoja na mama mmoja, na tuna majina manne yasiyofanana, wala hakuna hata moja lililo la baba. Hapa Malawi mtoto hubeba jina la baba yake. Mtu wa ofisini akiona majina yetu kwenye kadi, hukunja uso. Katika ukoo mzima baba mdogo peke yake ndiye aliyeitwa sawasawa na baba, kwa kuwa wote wawili walipewa jina la babu.

“Tukienda kule ku ofisi na ile majina yenu, kila mutu na yake,” shangazi alisema, “batasema hii batoto marehemu aliokota njiani.”

Watu walicheka, hata mama.

“Lakini huyu,” shangazi aliendelea, akimwonyesha baba mdogo, “iko na jina ya marehemu. Bakiangalia tu, banaona ni damu moja. Karatasi itatoka mbio.”

“Mi sitafuti kitu,” baba mdogo alisema. Alikuwa amekwisha kuvaa koti. “Mi ni mubebaji tu.”

“Mubebaji wa nini, na mikono inatokea inje hivi? Koti yenyewe inakukataa,” shangazi alimwambia.

“Yaya, dada mukubwa, we niache. Nitaiongeza kitambaa. Si tuko na fundi humu ndani?” Akanitazama, watu wakacheka tena. Nilitazama chini.

Mzee wa kanisa alisema ni lazima kikao kiandikwe, kwa sababu ofisi itataka maandishi ya familia. Nani ataandika? Kati yetu mimi pekee niliweza kuandika Chichewa, kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa shuleni. Nikaletewa daftari. Baba mdogo alisimama nyuma yangu akiniambia maneno, nami nikiyageuza. Niliandika kwamba sisi familia ya marehemu tumekaa, tumekubaliana kwa moyo mmoja kwamba mdogo wake awe msimamizi wa mali yote. Nikafika mahali pa kuorodhesha mali. Nikaandika “mashine,” kisha nikasimama kuwaza namna ya kuandika ovaloki.

“Usiandike sana, utatulalisha hapa,” alisema. “Andika tu vitu vya kushonea. Batajua.”

Nikalifuta neno mashine na kuandika vitu vya kushonea. Mama akaweka kidole gumba. Shangazi akatia alama yake. Nikaweka jina langu chini, kwa herufi kubwa, na nakiri kwamba nililiona limependeza.

Barua ya ofisi ya kambi ikapatikana, cheti cha kifo kikapatikana, na tukaenda Lilongwe, baba mdogo, mama na mimi. Tuliingia ofisi inayoshughulikia mali za marehemu. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karibu saa saba, tukiwa na wajane wengi wa Kimalawi waliofunga vitenje viunoni, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Tulipoitwa ndani tulimkuta karani, mwanamke wa makamo, miwani yake inaning’inia kifuani kwa uzi. Alisoma barua yangu taratibu. Hakuonekana mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu watu wengi kambini, nikiwasimulia, hutaka niseme kwamba ofisi ndiyo iliyotudhulumu.

Alivua miwani, akatueleza kwa Chichewa. “Msimamizi si mwenye mali. Anakusanya vitu vya marehemu, analipa madeni yake, kinachobaki anawapa mjane na watoto. Halafu anarudi hapa kutuonyesha alivyofanya. Hauzi akala. Mmenielewa?”

Baba mdogo alimgeukia mama. “Anasema msimamizi njo anachunga mali yote.”

Mama akaitikia.

Karani akamtazama mama usoni. “Mama, wewe ndiye mjane. Kwa sheria ya hapa wewe na watoto wako ndio wa kwanza. Si lazima msimamizi awe shemeji yako. Unaweza kuwa wewe mwenyewe, au wewe pamoja na binti yako huyu. Majina kutofautiana si neno, nawaona wakimbizi wengi hapa, barua ya kambi inatosha. Wewe unamtaka nani?”

Nilisikia kila neno. Chichewa naielewa kama Kiswahili.

“Anakupa pole ya kilio,” baba mdogo alimwambia mama. “Anasema yote iko muzuri. Weka kidole hapa.”

“Zikomo,” mama alimshukuru karani kwa Chichewa, akiinamisha kichwa. “Zikomo kwambiri.” Akaweka kidole.

Karani akanigeukia mimi. “Huu ni mwandiko wako?”

“Ndiyo.”

“Na wewe umekubali kwa hiari yako? Hakuna aliyekulazimisha?”

Nimeirudia nafasi ile kichwani mara nyingi mno. Baba mdogo alikuwa ameketi karibu nami kiasi kwamba goti lake liligusa langu. Hakunibinya, hakunitazama kwa jicho baya. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua jibu. Ningeweza kumwambia mama, kwa Kiswahili chetu, maneno machache: mama, hakusema hivyo. Lakini kufanya hivyo ni kumwita aliyevikwa koti la baba yangu mwongo, mbele ya serikali ya watu, na mimi ni msichana. Hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine ni ndogo na yenye aibu zaidi. Niliiogopa sauti yangu mwenyewe katika chumba kile.

“Nimekubali,” nikasema.

Karani alituambia kwamba tangazo litabandikwa ubaoni kwa majuma kadhaa, na mwenye pingamizi aje aseme. Kwa hiyo nilipewa nafasi ya pili na ya tatu, na kila Jumatatu katika majuma yale ningeweza kupanda minibasi na kwenda. Sikwenda. Nilijiambia kwamba huenda baba mdogo alifupisha maneno tu kwa sababu karani alisema mengi. Nilijiambia kwamba ndugu wa baba hawezi. Mama aliponiuliza nyumbani yule mama wa ofisi alikuwa mtu wa namna gani, nilimjibu kwamba alikuwa mtu mzuri.

Karatasi ilipotoka, yenye muhuri kama mwenye nyumba alivyotaka, baba mdogo alikwenda Area 36 peke yake. Mwenye nyumba aliisoma, akafungua kufuli lake. Angefanya nini? Sisi wenyewe ndio tuliomnyang’anya sababu ya kukataa. Baadaye aliniambia kwamba alimuuliza binti wa marehemu yuko wapi, akajibiwa kwamba nimeolewa.

Tulisubiri mashine zije kambini. Mama alikuwa ameshatenga nafasi ukutani, akahamisha mapipa ya maji. Wiki ikapita, na nyingine. Kisha mtu akatuambia kwamba baba mdogo amenunua pikipiki ya kabaza, ya kubeba abiria. Tulikwenda kwake, mama mbele, mimi nyuma. Pikipiki ilikuwa mlangoni, kiti chake bado kimefungwa nailoni ya dukani.

“Mashini ziko wapi?” mama aliuliza, akiwa bado amesimama.

“Ziko.”

“Ziko wapi, shemeji?”

“Mama ya batoto, unaniuliza kama polisi. Karibu ukae kwanza.” Mama hakukaa. Baba mdogo akaionyesha pikipiki kwa kidevu. “Nilizitia pa kazi. Mashini ingekaa kwenu inaota kutu. Hii inazunguka, inazaa, batoto banakula.”

“Batoto ya nani?”

“Si yote ni batoto yangu sasa?”

Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka, sijui kutoka wapi. “Hata ile ya ovaloki?”

Alinitazama akacheka, akamwita mke wake aliyekuwa jikoni. “Njoo usikie, bubu imesema.” Kisha akanijibu mimi, kwa upole kabisa. “Hata ile ya ovaloki. Na we uache kulia. Utaolewa, utashonea mashini ya bwana yako. Mi njo nilimutumia papa yako nauli ya kutoka Bukavu. We ulikuwa mugongoni ya mama yako, hauwezi kukumbuka.”

Siku iliyofuata alituletea mfuko wa unga na pasi ya makaa ya baba. Alisema ndiyo sehemu yetu. Mama aliupokea unga. Sikumlaumu, wadogo zangu walikuwa hawajala tangu jana yake. Pasi sijaigusa mpaka leo.

Mwanamke mmoja wa kwaya, mteja wetu wa zamani, ndiye aliyeiona ovaloki ya baba kwa fundi mmoja wa mtaa wa Chinsapo, humo humo Lilongwe. Nilikwenda. Ilikuwa yenyewe. Upande wa kulia kuna mahali rangi imebanduka, pale baba alipokuwa akiupumzisha mkono. Fundi yule ni Mmalawi, mtu mpole, mwenye vijana wawili wanaomsaidia. Nilipomweleza mimi ni nani alifungua droo, akanionyesha stakabadhi yenye sahihi ya baba mdogo, na nakala ya karatasi ya mahakama. Kila kitu kilikuwa halali. Alinunua mbili, ile nyingine ya kukanyaga ilikwenda kwa mtu asiyemjua.

“Pole, dada,” aliniambia. “Nilimuuliza mara mbili kama familia imekubali. Akanionyesha barua yenu.” Nakala ya barua yangu ilikuwa humo humo kwenye droo, mwandiko wangu umelala upande.

Nilikuwa naondoka aliponiuliza kama najua kuitumia. Nikasema najua. Alinipa mashati mawili ya sare yaliyokatwa, akasimama akitazama. Nilipomaliza alisema, “Kama unataka, kiti kipo. Nalipa kwa kipande.”

Tangu siku ile nashona Chinsapo. Siku za kazi nalala kwa mama mmoja wa kanisa letu, na mwisho wa juma narudi kambini na pesa ya unga. Naikalia mashine ya baba yangu kwa ruhusa ya mtu mwingine. Nikimaliza, mashati huhesabiwa na kuingia kwenye mfuko wake. Sina ubaya naye. Lakini kuna saa, mchana, vijana wakiwa wamekwenda kula, naitazama ile mashine na kuona haya mbele yake kama mbele ya mtu.

Mwezi wa pili wa kazi niliomba ruhusa ya nusu siku, nikarudi ile ofisi peke yangu. Karani ni yuleyule. Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu kwenye kipande cha karatasi, na nilipoona midomo haifunguki nilimpa akasoma. Alisoma akanirudishia.

“Anaweza kuitwa,” alisema. “Msimamizi anayekula mali ya mjane na watoto anafanya kosa, na mahakama inaweza kumwondoa na kumtaka alipe. Mashine alizonunua mtu kwa karatasi halali sina hakika kama zitarudi. Lakini yeye ataulizwa fedha ziko wapi.” Akafungua faili letu. “Tatizo ni hapa. Mmeandika vitu vya kushonea. Akija akasema vilikuwa mkasi na pasi, nitamwonyesha nini?”

Nililitazama neno nililolifuta kwa mkono wangu.

Alivaa miwani, akaivua tena. “Siku ile mlipokuja, nilimwambia mama yako anaweza kuwa msimamizi yeye mwenyewe. Wewe hujui Chichewa?”

“Najua.”

“Ulielewa nilichosema?”

“Nilielewa.”

Nilisubiri anikaripie, ingekuwa nafuu. Alichukua fomu tupu, akaisukuma kwangu juu ya meza. Alisema niandike kila kitu kilichokuwa ndani ya chumba cha baba, kimoja kimoja, na nitafute mtu asiye wa familia aliyeviona, aweke sahihi.

Nyumbani fomu ile ilileta kilio cha pili. Shangazi alikuja kabla hata sijaanza kuijaza, maana maneno kambini hayana miguu lakini hutembea.

“Utamufungisha papa yako?” aliniuliza mlangoni.

“Papa yangu alikufa, shangazi.”

“Sikia mudomo. Miaka yote tulifikiri huyu mutoto hana mudomo.” Alimgeukia mama. “Na we unamwangalia tu. Hapa tuko bangapi? Ukikufa kesho, ni ile ofisi itakuchimbia shimo? Ni muzungu wa mahakama atakuja kulia?”

Mama alikuwa anakanda unga wa mandazi. Hakuinua kichwa. Shangazi alipoondoka nilimwambia mama lile nililokuwa sijamwambia: yale karani aliyosema siku ile, na yale baba mdogo aliyoyageuza, na kwamba nilisikia yote mawili. Nilidhani atanipiga. Aliendelea kukanda mpaka unga ukawa mgumu kuliko inavyotakiwa.

“Kwa hiyo niliweka kidole juu ya nini?” aliuliza mwishowe.

Nikamweleza.

“Na nilimwambia zikomo.”

“Ndiyo, mama.”

Hakusema zaidi siku ile, wala kesho yake. Kwenye fomu kuna mahali pa mjane. Nilimpelekea wino mara mbili. Mara ya kwanza alisema mikono ina mafuta. Mara ya pili alisema, “Shangazi yako anasema ukweli, mi niko na nani hapa?” Sikumpelekea tena. Sina haki ya kumlazimisha mtu niliyemnyamazia.

Niliijaza peke yangu, kwa jioni tisa. Niliandika mashine tatu, meza ya kukatia, mikasi miwili, majora matano ya kitambaa cha sare, kioo, benchi la wateja. Nikaipeleka Area 36. Mwenye nyumba aliniangalia vibaya mwanzoni, akidhani nimekuja kudai kitu, kisha akaketi nje na kuisoma yote kwa kidole. Alisema nimesahau redio. Nikaiongeza redio. Akaweka sahihi, akaandika na namba ya nyumba yake, akaniambia, “Ungekuja na karatasi hii kabla hajaja yeye, mwana wanga.” Nikamwambia najua.

Karani aliipokea ikiwa na sahihi yangu bila ya mama. Baba mdogo aliitwa, hakuja. Ameitwa mara ya pili, na safari hii barua imepitia polisi wa kambi, kwa hiyo atakuja. Kanisani dada zake hawaketi tena safu moja nasi. Wadogo zangu wameambiwa wasiende kucheza kwa binamu zao. Mama hupika, hula, hunijibu ninapomuuliza, na usiku mmoja tu aliniuliza siku yenyewe ni lini.

Siku hiyo nitasimama mbele ya hakimu, baba mdogo akiwa pale pale, na nitaulizwa kwa nini niliandika nilichoandika na kwa nini nilisema nimekubali. Karani ameniambia kwamba mkalimani atakuwa wa mahakama. Ametaka nisilete karatasi ya kusoma, hakimu hutaka kusikia kwa mdomo.

Ninajua humu kambini, na huko mjini, na kwingine walikotawanyika watu wetu, wako waliowahi kusimama mahali hapo dhidi ya ndugu wa damu. Kama wewe ni mmoja wao, nakuomba uniandikie. Niambie ulianza na neno gani. Niambie kama ulimtazama, au ulitazama kando. Niambie kama mama yako alirudi kuongea nawe baadaye, na ilichukua muda gani. Usinifiche kama ulishindwa, nataka kujua hilo pia. Niandikieni upesi, siku yenyewe iko karibu.